Mkutano Ndani ya Kidole cha Bibi

Usiku wa jana niliota mimi ni seli, nimepangwa na wenzangu kwenye ukuta wa mshipa wa damu, mguuni mwa bibi yangu, Bi Mwanaheri. Hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba nilikuwa na tai ya shule.

Mchana muuguzi alikuwa ametuambia: nyama ya kidonda cha bibi ikiendelea kuwa nyeupe hivi, Jumatatu kidole gumba cha mguu kinakatwa.

"Hewa!" kinapiga kelele kidonda. Kelele zenyewe zinakuja kama punje za mchele, zinanigonga usoni.

"Umesikia wa kwanza," ukuta ukaniambia. "Basi wewe ndiye wa mbele. Wafinye jirani zako wasisikie, wakufuate nyuma wawe bomba la kukipelekea kidonda damu yenye hewa."

Niwafinye watu wazima? Mimi nimelelewa bwana. Nikasema, "Karibuni wote, tuongoze pamoja."

Mzee Shemboza wa kushoto akachipua mkono, akaelekea huko. Mama wa kulia akachipua mitatu, akaelekea kote. Ukuta mzima unaongoza, hakuna anayefuata. Ghafla tuko uwanja wa mpira, kila mtu kapteni, bomba hakuna, damu inachuruzika kwenye nyasi.

"Endeleeni na mkutano," kidonda kinasema, sauti imeshakuwa ya buluu. "Mimi nakufa taratibu, msijali."

Nikamfinya Mzee Shemboza.

"Wewe mtoto, huna adabu! Huna... nilikuwa nasema nini vile?"

"Ulikuwa unanisukuma, mzee."

"Ahaa." Akanisukuma.

Nikamfinya na yule mama. Mikono yake yote ikarudi ndani, akasimama nyuma ya mzee. Sasa natambaa, wao wananyooka nyuma yangu, katikati yao pana uwazi. Mbele anakuja kijana mwingine anatambaa, tai yake ni ya shule nisiyoijua.

"Wewe ndo kiongozi wa kwenu?"

"Wanasema."

"Hata mimi wanasema."

Tukashikana mikono. Damu ikatupita katikati bila hata hodi. Kidonda kikavuta pumzi, kikanyamaza, na bila kelele zake hakuna tena aliyejua aende wapi.

Nikaamka. Bibi ameketi kitandani kwake, bendeji ameifungua. Katikati ya ule weupe pana kitone chekundu, kidogo kama kichwa cha pini.

"Mume wangu," akaniita, utani wake wa kila siku, ila leo hacheki. "Hivi nani hao walikuwa wanafinyana mguuni mwangu usiku kucha?"