Mutheu Analia Kupita Kiasi

Kalekye alikuwa ameshonea tamthilia ya "Moyo wa Mutheu" nguo kwa miaka miwili kabla ya mtu yeyote kumuuliza anaionaje. Siku hiyo alikuwa kwenye kibanda chake karibu na soko la Machakos, redio ikiwa juu ya meza ya kukatia vitambaa, mtangazaji akiomba wasikilizaji wapige simu waseme ni vipindi gani vya televisheni vya hapa nyumbani wanavyovipenda. Watu watatu mfululizo walitaja "Moyo wa Mutheu". Kalekye akasimamisha cherehani, akapiga.

"Mimi ndiye fundi wa nguo wa hiyo drama," alisema. "Mutheu analia kupita kiasi. Kila Jumapili ikionyeshwa, bwanake anampiga, analia, anapiga magoti, anamsamehe. Gauni zake naweka kitambaa mara mbili hapo kwa magoti, la sivyo zinatoboka. Kwani mwanamke wa Ukambani hana kazi ingine?"

Mtangazaji alicheka mpaka ikabidi aweke wimbo.

Mwanzia, aliyeiandika na kuiongoza tamthilia hiyo, hakucheka. Alifika kibandani asubuhi iliyofuata akiwa na shati safi na uso wa mtu aliyefiwa. Hakukaa kwenye kiti alichopewa.

"Kalekye, umeniaibisha. Watu wa Machakos wanajivunia hii kazi. Ni yetu."

"Ndiyo maana niliongea, kwa sababu ni yetu. Za wengine mimi huzima tu."

"Ijumaa utarudi kwa redio uombe msamaha. Nimeongea nao, watakupa dakika tano. Usipoomba, nguo zangu zitashonwa kwingine."

Alipoondoka, Kalekye alishona mkono wa blauzi kinyume, akaufumua, akaushona tena kinyume. Kazi ya Mwanzia ndiyo iliyofanya watu watoke hata Katangi kuja kumtafuta kwa jina. Jioni, wakichambua ndengu, mdogo wake Ndila alimwambia huo ni ubishi wa bure.

"Ni televisheni tu, Kalekye. Sema pole, urudi kwa cherehani."

"Kama ni televisheni tu, mbona anataka niombe msamaha?"

"Wewe ni hivyo tangu shuleni. Ulimwambia mwalimu wa kwaya wimbo wake unafanana na king'ora."

"Ulifanana."

Kwa siku tatu Kalekye aliazima simu ya Ndila yenye kioo kikubwa, akaangalia vipindi vyote ishirini na sita vya msimu huo, kimoja baada ya kingine. Ijumaa alivaa gauni lake la kanisani, akaenda studio. Mwanzia alikuwa ameketi upande wa pili wa kioo, mikono kifuani.

"Kuna kitu nilikosea," Kalekye alianza, akamwona Mwanzia akishusha mabega. "Nilisema Mutheu analia kila Jumapili. Nimeangalia vyote ishirini na sita. Kuna kimoja hakulia. Alikuwa amezimia."

Mtangazaji alifunika mdomo. Kalekye hakungoja.

"Picha ni nzuri, sikatai. Huyo mzee anayecheza babake Mutheu anajua kazi. Lakini hadithi ni mbovu. Mimi nilitoka kwa ndoa kama hiyo huko Ekalakala. Sikupiga magoti. Nilifungua cherehani yangu vipandevipande, nikaipakia kwa mkokoteni wa punda mchana watu wakiona. Sasa huyu Mutheu ni nani? Mimi simjui. Na siombi mtu msamaha."

Simu zikaingia. Mwanaume mmoja alisema mama kama huyo ndiye anayevunja nyumba za watu. Mwingine alitaka kujua punda alikuwa wa nani. Wanawake wawili walisema asante tu, wakakata.

Mwanzia alitimiza neno lake. Jumatatu alituma mtu kuchukua vitambaa vyote. Kalekye alivikunja mwenyewe, akarudisha hata zipu. Mwezi huo alishona sare za shule na kuziba suruali zilizopasuka, na wateja wawili wa kanisani wakamhama bila kuaga.

Wiki ya tano, asubuhi, Swabra alisimama mlangoni. Ndiye aliyekuwa akiigiza Mutheu, binti wa familia ya Kiislamu yenye duka la vyombo hapo mjini.

"Nimefutwa kazi," alisema. "Nilikataa kusema 'nimekusamehe'. Nilimwambia Mwanzia hiyo sentensi nimeisema mara kumi na tisa. Akasema basi, Mutheu atakufa kwa ajali. Jumapili hii anazikwa."

Kalekye alimsogezea kiti. "Ulikataa kwa sababu yangu?"

"Hapana, mama. Nilichoka kabla yako. Wewe ulinifanya nione aibu kuchoka kimyakimya."

Alitaka gauni la kuvaa Nairobi, ambako kikundi kimoja cha maigizo kilikuwa kinatafuta waigizaji. Kalekye akampima mabega, akampima kiuno. Swabra, akijitazama kwenye kioo, akauliza kama walau uigizaji wake ulikuwa mzuri.

Kalekye alitoa pini mdomoni.

"Hapana. Hata kulia hulii vizuri. Unafinya macho kama mtu anayekata vitunguu."

Uso wa Swabra ukaiva. Alitazama mlango, kisha akaketi, tepu ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni mwake.

"Niambie ni wapi hasa."

"Tuanze na kile kipindi cha arusi," Kalekye akasema, na wakabishana mpaka adhuhuri, sauti zikipanda, wapita njia wakidhani wanagombana.