Nilipopotea Uyole

Nilisimama kando ya barabara pale Uyole, mfuko wa viazi vya kukaanga ukiniunguza vidole, nikiwa sijui naenda wapi. Malori yalipita yakitetemesha ardhi. Upande mmoja makonda waliita Tukuyu, upande mwingine Iringa, na majina yote mawili yalinipita masikioni kama ya nchi za watu.

"Mama, gari yako ipi?" aliuliza dada aliyeniuzia viazi.

Nilitazama mabasi ya pande zote mbili. 

Akaniomba tiketi, akaisoma, akanishika mkono mpaka kwenye basi la Iringa lililokuwa linanguruma tayari kuondoka. Koti langu lilikuwa kwenye kiti, pale pale nilipoliacha niliposhuka kununua viazi.  Nilikuwa natoka hospitali Mbeya, kupata dozi nyingine ya kemo, dawa kali za saratani ya titi. Mwalimu wa hesabu mimi, niliyewaita hata wanafunzi wa zamani kwa majina yao matatu. Kichwani nilibaki na wazo moja: saratani imepanda. Imefika kwenye ubongo.

Sikumwambia mume wangu, Edmund. Niliona nikilitamka litakuwa kweli. Nikajifunza kujificha. Neno "mwiko" likinikimbia, nilisema "nipe hicho". Nikikwama katikati ya hesabu ubaoni, nilimpa mwanafunzi chaki amalizie, wakadhani ni mbinu mpya ya kufundisha.

Safari iliyofuata Edmund alinisindikiza. Daktari wangu, Dokta Kalinga, aliuliza kama kuna tatizo lolote. Nikasema hakuna.

"Anasahau, daktari," alisema Edmund, akitazama kofia yake magotini. "Tangu dozi ya pili."

Nilimgeukia. Hakunitazama.

Nikapigwa picha ya kichwa. Tukisubiri majibu, nilirudia majina ya watoto wangu kimoyomoyo, nikiogopa kuruka mmoja. Picha ilikuwa safi. Dokta Kalinga alieleza kwamba usahaulifu huo unaletwa na dawa zenyewe. Huwapata wengi, na kumbukumbu za wengi hurejea taratibu baada ya matibabu.

"Lakini mama, lini, sitakudanganya. Sijui."

Nje, kwenye benchi, nilimuuliza Edmund alijuaje.

Aliigeuza kofia yake mikononi. Mama yake, aliyekuwa akiishi nasi, tulikuwa tumemzika Tosamaganga kabla sijaanza matibabu.

"Jioni moja ulikuwa unapakua chakula," alisema. "Ukaniuliza, 'Mama amekula?'"

"Ukasemaje?"

"Nikasema amekula." Alijifuta uso kwa kiganja. "Kesho yake ukauliza tena."

Matibabu yalikwisha, na mengi yamerudi. Hilo la mama halijarudi. Sikumbuki kuuliza hata mara moja. Wakati mwingine, tukiwa mezani, nataka kumuuliza Edmund ilikuwa mara ngapi, na baada ya kunijibu alikuwa akienda wapi kumlilia mama yake.

Nampakulia chakula tu. Naogopa huenda nimeshamuuliza.