Kitenge cha mama-mukwe

Jumamosi, Donat alirudi kutoka kazi ya reli, akanawa miguu katika beseni la bluu, akakaa nyuma ya ua wa matete. Tikiti za kesho zote zilikuwa ndani ya soksi yake. Tangu Katanga ijitenge dansi za usiku zilikatazwa, kwa hiyo orkestra ilipiga Jumapili mchana, katika ukumbi mmoja mdogo wa komini Albert. Mtu wa dirisha la tikiti alikuwa rafiki yake. Dirisha lilifunguliwa, ndiyo, lakini lilifunguliwa tupu; aliyetaka kuingia alijua ua wa Donat, na alijua bei ni mara tatu.

Wanunuzi wengi walisimama wakimpa mgongo. Walikuwa watu wa misa, hawakupenda kuonekana. Basi jua lilipokuwa linazama, mama mmoja akaja kinyumenyume mpaka kwenye matete, na Donat hakujali.

"Moja tu, baba," mama alisema, akapitisha noti nyuma yake.

"Mama, hizi ni za zamani. Hazitembei tena. Leta za Katanga."

"Kule niko, habajabadilisha."

"Basi ukae kulekule!"

Waliokuwa wakingoja wakacheka.

"Mutoto wangu ndiye anapiga gitare," mama alisema.

"Kila mama iko na mutoto. Uko na kitu gani ingine?"

Mama akafikiri. Akafungua kitenge chake, akabaki na gauni jeupe la ndani, akakirusha juu ya ua. Kilikuwa cha kijani, chenye majogoo mekundu, na kilinuka udongo wa mvua. Donat alikijua. Alikinunua yeye mwenyewe dukani kwa Mgiriki, akampelekea mama-mukwe wake, Mama Kalaba, alipomuoa Virginie. Walimzika nacho kabla noti mpya hazijatoka. Siku zile Liévin, kitinda mimba wa mama huyo, alikuwa bado anajifunza gitare.

Angeita, angerudisha. Lakini mtu hasemi na mama-mukwe, wala hamtazami. Hilo alifunzwa angali mdogo. Tena waliokuwa nyuma walikwisha kusikia bei. Akasukuma tikiti katikati ya matete, akafuta mkono kwenye suruali.

Jumapili Mama Kalaba alikaa mstari wa pili na gauni lake la ndani, kiti kikiloa chini yake. Watu walimpisha vizuri. Liévin alimwona mama yake, akapiga kuliko siku zote, ila hakuinua macho tena.

Nyumbani, Virginie alikuta kitenge chini ya godoro.

"Ulimuuzia bei ya mama, ao bei ya bantu?"

"Ya bantu." Donat alikuwa akitazama sahani. "Umurudishie weye. Miye siwezi kusema naye."

"Kumunyang'anya uliweza."

Alikifua, akakianika. Harufu haikutoka.

Jumamosi iliyofuata bei ilikuwa imepanda, kwa sababu Liévin alikuwa amesifiwa. Jioni mama akaja tena kinyumenyume. "Jambo, Mama Kalaba," watu walimsalimu, wakamwacha apite mbele. Nguo ya kutoa hakuwa nayo tena. Begani alibeba msalaba wake wa mbao, jina limeandikwa kwa lami.

Kitenge kilikuwa kwenye kamba, karibu na kichwa cha Donat. Masikio yakamuwaka. Akageuza mgongo, kama mukwe mwenye heshima zake, akanyoosha mkono nyuma kuupokea.