Matete ya Mgeni Rasmi

Afisa mipango wa halmashauri aliusumbua mji mzima kwa ajili ya matete, mpaka ofisini wakambatiza Mama Matete. Hakujali. Kijito kilichopita nyuma ya gereji na machinjio kilibeba kila uchafu wa mji, na kabla ya kuingia ziwani kilipenya kwenye matete yale, yakayachuja maji. Ng'ambo ya matete ndipo shangazi yake, aliyemlea tangu hajaota meno, alipochota maji ya kunywa. Wengine walipigania mazingira. Yeye alipigania ndoo ya shangazi.

Mpango wake wa kulinda ukingo wa ziwa ulizungushwa vikaoni mpaka ukachakaa kwenye pembe. Hatimaye madiwani wakaupitisha. Ikabaki saini ya mgeni rasmi, naye angesaini palepale ziwani, watu waone.

Asubuhi ya sherehe alifika na mpango kwapani, akatupa macho ukingoni. Matete hayapo! Yamefyekwa yote, pamemwagwa kifusi, na juu ya kifusi pamesimikwa hema lenye viti vya vitambaa vyeupe. Mkurugenzi akamjia meno yote nje.

"Umeonaje? Vijana wameshinda hapa jana kutwa."

"Bosi, matete yako wapi?"

"Si yalikuwa yanaziba ziwa? Mgeni aje kuzindua ulinzi wa ziwa, halafu ziwa lenyewe asilione? Aibu gani hiyo!"

"Lakini hayo matete ndiyo ulinzi wenyewe!"

"Wewe nawe kwa kununa! Tabasamu, utapigwa picha."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wangemjua mkurugenzi huyu, wangenyamaza zao. Afisa alitamani kuuchana mpango ule vipande vipande. Lakini usiposainiwa leo, kesho mtu atajenga baa hapo. Matete hupandwa, akajiambia. Akameza machungu, akaukabidhi.

Mgeni rasmi akasaini. "Kuanzia leo," akanguruma huku akikitazama kifusi, "ole wake atakayeyagusa matete haya!" Makofi yakalia, ya mkurugenzi yakizidi ya wote.

Wiki ileile mvua ikanyesha. Kijito kikashuka na oili chafu na damu ya machinjioni, moja kwa moja hadi alipochota shangazi. Bibi wa watu akapiga simu.

"Mwanangu, mmesaini nini huko? Maji yananuka, hata mbuzi ameyakataa!"

Afisa hakungoja kikao. Alikodi mkokoteni, akaujaza miche ya matete kutoka mtaro wa barabarani, akaenda na shangazi hadi kwenye kifusi, majembe begani. Askari wa halmashauri alikuwa amesimama kando ya kibao kipya chenye masharti ya mpango, sare imenyooka.

"Shikamoo, mama. Samahani, dada, hapa haingii mtu."

"Mimi ndiye niliyeuandika huo mpango!"

"Ndiyo maana nakushangaa, dada. Umeandika mwenyewe: hakuna kuchimba bila kibali, bila kujali cheo."

"Na kibali anatoa nani?"

"Kamati ya mkurugenzi. Inakutana mwezi ujao, akidi ikitimia."

Shangazi akatua jembe, akaonyesha kwa kidole maji meusi yaliyokuwa yakiteleza miguuni mwao kuelekea ziwani. "Na haya, baba, yamepita kwa kibali cha nani?"

Askari, maskini, akakisoma kibao upya kuanzia juu, midomo ikimcheza. "Maji hayakutajwa, mama."

Hasira zikampanda afisa, na zaidi alijikasirikia mwenyewe, kwa kuamini kwamba saini inaweza kuchuja chochote. Akavua viatu. Akatwaa jembe, akaingia matopeni, na shangazi akamfuata na miche, akiwalaani wakubwa wote bila kubagua. Askari akatoa simu upesi, uso ukimng'aa, maana tangu apangiwe lindo lile hakuwahi kupata cha kuripoti.

"Bosi," akasema, "mpango unafanya kazi. Tumeshampata mkosaji wa kwanza."