Vipande Vitano vya Goti Langu

Haya ni kweli tupu. Nilikwisha kuyaapia mbele ya mke wangu na madaktari: nikidanganya hata nukta, masharubu yangu ya miaka arobaini yanyolewe.

Goti langu la bandia lilivimba, likawa na moto wa kuchemshia chai. Mpasuaji na daktari wa vijidudu hawakukata shauri. Walimngoja mtu wa tatu, yule wa hadubini, ambaye hukaa chumba cha mwisho cha korido, mlango umefungwa. Nilinyofolewa vipande vitano vya nyama ya goti, kila kimoja na kichupa chake, vikapelekwa kwake. Vitano! Nikamshuku papo hapo. Mtu mwema hajifungii ndani na nyama za watu.

Kabla ya hapo walikuwa wamenikataza antibayotiki kwa wiki mbili, maana dawa hizo huvificha vijidudu visionekane. Walipouliza kama nimetii, nikaapa kwa masharubu yangu kwamba sijagusa hata punje.

Vipande vinne vilioteshwa ili vijidudu vimee. Hakikumea kitu. Mpasuaji akaanza kuniandikia ruhusa ya kurudi nyumbani, nami nishavaa kiatu kimoja. Ndipo akaingia jamaa mfupi wa miwani. Kumbe ndiye yule wa hadubini. Kipande cha tano alikuwa amekikata vipande vyembamba na kukitazama mwenyewe.

"Mzee, askari wa mwili wamejaa humo kama siku ya mnada," akasema. "Askari hawajazani bure. Mwizi yumo, ila kuna aliyemwambia ajifiche."

Daktari wa vijidudu akaongeza kwamba nikiondoka hivyo, mwezi ujao hawatajadili goti, watajadili mguu mzima.

Nikamwambia wa miwani kuwa labda alichanganya vichupa, maana mlango uliofungwa una mambo. Alimtazama mke wangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameukumbatia mkoba wake.

Mke wangu akaufungua, akatoa pakiti tupu ya vidonge vya antibayotiki.

"Baba watoto, hii nimeikuta ndani ya soksi yako."

Vilikuwa vya jino la jirani. Vidonge sita. Haya, kumi na viwili.

Wakaamua wote watatu: wiki mbili bila dawa, chini ya ulinzi wa mke wangu, kisha vipande vipya, mwizi ajulikane kwa jina, mguu upone. Nikashukuru, nikainuka.

"Kaa," akasema mke wangu.

Kumbe mkobani mlikuwa na wembe pia. Na alipomaliza, yule wa hadubini akainama, akasogeza miwani, akakagua mdomo wangu kama kuna unywele uliosalia.