Mkono wa Pili Haujakauka

Jumanne asubuhi Fundi Bado alipiga magoti kwenye sakafu ya plaiwudi ya bafu la juu, akatoa unga wa mbao pembeni kwa mswaki mkuukuu. Akaziba maungio ya mbao na vichwa vya skrubu, akafungua kopo la dawa ya kuzuia maji, akapaka mkono wa kwanza huku akirudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Jina alilopewa na mama yake hakuna aliyelijua. Aliitwa Bado kwa sababu ukimuuliza kama dawa imekauka, jibu lake ni hilo hilo.

Bibi alikuwa amevuta kigoda chake mlangoni, anatazama. Bafu lilikuwa lake. Aliahidiwa na mwanawe mkubwa, ambaye nyumba nzima ilimwita Msemaji kwa kuwa hakuna kikao kilichofungwa bila yeye kusimama. Alisimama pia siku ile nyonga ya Bibi ilipoteguka kwenye ngazi za uani, ngazi tisa za utelezi, na chini yake kibanda cha mabati cha kuogea. "Hutashuka tena, mama," alisema mbele ya watu. Ilikuwa miaka mitatu iliyopita, na tangu siku hiyo Bibi ameshuka kila asubuhi, ndoo mkono mmoja, mwingine ukutani.

"Fundi, si ubandike vigae tu tumalize?"

"Mbao kavu ina kiu, bibi. Ukiiacha inywe inavimba kama mkate, vigae vinaruka."

Bibi akatafakari. "Kitendawili."

"Tega."

"Nakimwagia kutwa, hakiloi."

"Bata."

"Bata wa wapi? Rudia."

"Jani la mgomba."

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Chukua huu wetu, na mashimo yake yote."

"Siutaki. Baki na kitendawili mpaka ukipate."

Saa nane Fundi Bado alipaka mkono wa pili, akaegemeza ubao mlangoni, akaweka kiti mbele ya ubao, akashuka kula. Msemaji akaja na simu sikioni. Akasogeza kiti, akaruka ubao. Alikuwa pekupeku. Alisimama katikati ya bafu akimweleza mtu wa kwenye simu kioo kitakaa wapi, taulo lake litaning'inia wapi, na kwamba mlango utakuwa na ufunguo mmoja.

"Na mimi je, mwanangu?" Bibi akauliza.

"Tutaongea, mama."

Aliongea na simu nusu saa. Dawa ikampanda kutoka nyayoni, ikapita magoti, ikapita kiuno, ikafika utosini ikatulia. Fundi aliporudi alikuta alama za nyayo mbili, mbao tupu, na Msemaji anang'aa.

"Imekauka?" Bibi aliuliza.

Fundi alimgusa Msemaji shavuni kwa kidole. "Huyu tayari," alisema. "Sakafu bado."

Jioni hiyo maji yalikataa kumlowesha Msemaji. Mkewe alimmwagia jagi, kisha ndoo. Yakateleza yote, na sabuni nyuma yake.

"Inatoka lini?" mke alimuuliza fundi.

Fundi akasoma kopo. "Miaka kumi."

"Kumi!"

"Akitunzwa vizuri. Asikwaruzwe."

Basi mkewe akawa anamfuta kwa kitambaa kikavu, kama kabati. Jumatano Bibi alimweleza mwanawe tena habari ya nyonga na ngazi. Maneno yalimfika kifuani, yakateremka mpaka sakafuni, yakafanya kidimbwi. Mkwe akaleta dekio. Alisema yamekuwa yakiteleza hivyo tangu wiki ya arusi, ila zamani hayakuhitaji kudekiwa.

Fundi alimwomba Msemaji kopo jingine kwa ajili ya zile nyayo mbili. Ombi nalo likadekiwa. Fundi akabandika vigae juu ya nyayo hivyo hivyo, akafunga ukutani chuma cha kujishikilia wakati wa kuoga, kwa kimo cha Bibi, maana alikuwa amempima. Msemaji akatundika taulo lake hapo.

Sasa kila asubuhi Msemaji anafungua bafu kwa ufunguo wake mmoja, anajifungia saa nzima, anaimba, anatoka mkavu. Maji yanapenya kwenye nyayo mbili, yanadondoka sebuleni juu ya kiti chake. Hapo ndipo anapokaa kunywa chai, yanamdondokea utosini, na hana habari.

Fundi Bado aliporudi kuchukua vifaa vyake alimkuta Bibi kwenye ngazi za uani, katikati ya kushuka.

"Bibi, kile kitendawili nimekipata. Ni mwanao."

"Umechelewa," Bibi alisema. "Nilikitega kabla hujamaliza kopo."

Akahamishia ndoo mkono mwingine, akashuka ngazi ya sita.