Adabu ya Mpera

Urban alipokuwa darasa la kwanza, pale Maposeni, mwalimu aliwauliza watoto adabu ni nini. Mmoja akasema ni kuwaamkia wakubwa shikamoo. Mwingine akasema ni kutomjibu mama. Urban, mtoto ambaye hata akijua jibu huinamia dawati, siku hiyo akanyoosha mkono. Alikuwa na uhakika. Akasimama, akasema, "Adabu ni fimbo ya mpera. Inakaa juu ya mlango."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani, na wakati wa mapumziko habari ilikuwa imeshafika darasa la saba, alikokuwa dada yake Odilia. Wakamuuliza, eti nyumbani kwenu adabu ina majani? Odilia akacheka pamoja nao. Alicheka kuliko wote, maana asingecheka wangeanza kumchunguza. Shule nzima, walimu wazima na akili zao, hakuna hata mmoja aliyejiuliza mtoto yule kaitoa wapi maana hiyo.

Aliitoa kwa baba yake. Makarius alikuwa karani wa ushirika, mtu wa kalamu mbili mfukoni, hanywi pombe, hakosi misa. Mkewe alifariki akimzaa Urban, na tangu siku ile alimtazama mwanawe kama mtu aliyeingia ndani bila kupiga hodi. Hakuwa anapiga kwa hasira. Angepiga kwa hasira labda ingekuwa nafuu, maana hasira hupoa. Alipiga kwa utulivu. Maji yakimwagika, mbuzi akikata kamba, Makarius alikaa kwenye kiti, akavua saa yake, akaiweka mezani, ndipo akamwita binti yake. "Odi, kalete adabu."

Basi Odilia ndiye aliyekuwa anakwenda mperani, nyuma ya nyumba, kuchuma mbichi, maana ile ya juu ya mlango ilikuwa ya kutazamwa tu. Mara ya kwanza, Urban akiwa na miaka sita, alimwonea huruma akachagua kijiti chembamba. Makarius alipiga mara mbili, kikakatika. "Hiyo haihesabiwi," akasema, akamtuma tena, na hesabu ikaanza upya, safari hii maradufu. Tena fimbo nyembamba huchana ngozi, na mpigaji hachoki. Odilia alijifunza upesi. Tangu siku ile akawa analeta nene. Nene inauma mpaka kwenye mfupa, lakini baada ya nne au tano Makarius alihema, akaweka chini, akamwacha mtoto ainuke apige magoti aseme, "Asante, baba." Bila asante hakukuwa na kula.

Kilichomtesa Odilia ni macho. Kila alipotokea na ile nene mkononi, Urban alimtazama yeye, hakumtazama baba. Angemwambia nini? Mtoto wa miaka sita utamweleweshaje kwamba umemletea fimbo kubwa kwa sababu unampenda? Akanyamaza, akijipa moyo kwamba mdogo wake akikua atamweleza.

Kabla hajakua, Odilia akaolewa. Ulikuwa mwaka themanini na tisa. Tumsifu, mwalimu kijana wa Kilutheri kutoka Moshi, alikuwa amepangiwa kufundisha Songea mjini, akampenda, na baada ya padri na mchungaji kuvutana kidogo wakakubaliana. Siku ya kuondoka Urban alisimama kwenye kona ya nyumba, kijana wa miaka kumi na mitatu mwenye miguu mirefu na kaptura fupi. "Nitakuja kukuchukua," Odilia akamwambia. Hakwenda. Kwanza nyumba ilikuwa ndogo, halafu akashika mimba, halafu Agape akazaliwa. Visingizio havikosekani mtu akivitafuta, na Odilia aliviokota kimoja kimoja kwa miaka sita.

Watu wa Maposeni wanasema Makarius aliharibiwa na soko huria. Wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua mahindi, ushirika ukalala, makarani wakapunguzwa, naye akarudi kukaa barazani na kalamu zake mbili. Ati hapo ndipo moyo ulipogeuka. Uongo mtupu. Alipiga akiwa na mshahara, akapiga akiwa hana. Alipokufa kwa presha, mwaka tisini na tano, alizikwa na umati, na mzee mmoja wa kanisa akasimama kaburini akasema marehemu amewalea wanawe kwa adabu. Urban, kijana wa miaka kumi na tisa, akajikojolea pale pale mbele za watu.

Hapo ndipo Odilia alipomchukua. Alikuta mtu ambaye hakumjua. Shule alikuwa ameacha kidato cha pili, hakuna aliyekumbuka kwa nini. Usiku halali. Ukinyanyua mkono kuanika nguo, yeye anaficha kichwa. Ukimuuliza jambo, anajibu baada ya muda mrefu, na mara nyingi jibu lenyewe ni "samahani". Kijijini walishaamua kwamba amerogwa. Biasha, jirani yao pale Lizaboni, Songea mjini, mama wa Kiyao mwenye moyo mweupe na mdomo usio na kufuli, alimwangalia siku moja tu akasema, "Huyo ana jini, wallahi. Tumsomee." Muuguzi wa kliniki ya akili, Edna, hakutaja jini wala uchawi. Alimpa vidonge, akamwambia Odilia, "Mwili wake bado uko kule kwenu, dada. Hajui kama mambo yameisha. Msimpigie kelele, msimharakishe. Mrudishe kila Jumanne."

Odilia akashika maneno hayo kwa mikono miwili. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja: Urban apone akiwa kwake, na siku moja ajue kwamba zile nene zilikuwa huruma. Alijaribu mara nyingi kumwambia. Wakiwa wanachambua mchicha, wakiwa wanafua, alianza, "Urban, unakumbuka ule mpera..." na kabla hajamaliza vidole vya kijana vimeshaanza kutetemeka, basi akageuzia kwenye habari za mvua. Neno adabu alilifukuza mdomoni mwake. Agape akikosea aliambiwa tabia mbaya, aliambiwa hapana, lakini adabu hakuambiwa. Tumsifu alikuwa analitamka kama watu wote wanavyolitamka, na Odilia hakuwahi kumweleza. Aliona aibu. Unaanzaje kumwambia mume wako kwamba wewe ndiye uliyekuwa unaleta fimbo?

Miezi sita ikapita, na kulikuwa na dalili. Urban alianza kukaa uani na kupukuchua mahindi. Alimtengenezea Agape gari la mabua. Mara moja alicheka, Agape alipoweka sufuria kichwani akasema yeye ni askofu. Odilia alikwenda kulia chooni kwa furaha.

Ikaja Jumamosi moja, mwezi wa tano mwaka tisini na sita. Odilia alikuwa na cherehani yake sebuleni, na kazi zenyewe zilikuwa za kuombea. Tangu mitumba ijae sokoni nani anashonesha gauni? Yamebaki magauni ya shule na ya komunio ya kwanza. Lile la siku ile lilikuwa la komunio, satini nyeupe, la kuvaliwa kesho yake asubuhi, na mwenyewe angelifuata saa nane. Alikuwa ameshona siku tatu. Akatoka kidogo kwenda kuepua uji. Aliporudi alimkuta Agape amekaa chini ana mkasi, na kifuani mwa gauni kuna tundu la kupita ngumi. Mtoto alikuwa anamkatia mwanasesere wake shela.

Kuna hasira ambayo haiji kwa kosa moja tu, inakuja na yote yaliyokaa. Odilia aliona tundu lile na hakuona kingine. "Agape!" sauti ikamtoka, na haikuwa yake. "Huna adabu wewe! Leo utaipata adabu!"

Uani, punje za mahindi zikaacha kudondoka.

Odilia alisikia ule ukimya na papo hapo hasira ikamwishia, ila neno lilishatoka. Akakimbilia mlango wa nyuma. Urban hakuwepo. Palikuwa na ungo na hindi moja lililopukuchuliwa nusu. Akaita. Ng'ambo ya uzio, uani kwa Biasha, kulikuwa na mpera, na Odilia akasikia tawi likivunjika.

Urban alirudi bila haraka. Tawi lilikuwa limeshaondolewa majani, limenyooka, nene. Akapita mbele ya dada yake, akaingia sebuleni, akamgeukia, akamshikisha kwa mikono miwili kama mtu anavyompa mkubwa kitu.

"Nimeleta nene," akasema. "Nyembamba ni mbaya, si unajua."

Odilia akauliza, "Nani alikwambia?"

"Ulipoolewa nilikuwa naenda kuchuma mwenyewe." Alizungumza kwa upole, kama anamweleza njia ya kwenda mahali. "Ndipo nikajua kwa nini ulikuwa unaleta zile."

Miaka yote Odilia aliyasubiri maneno hayo, na sasa yamekuja hivi, na fimbo juu yake. Alitaka kumkumbatia. Alichelewa. Urban alikuwa ameshavua shati, amelala kifudifudi sakafuni, paji la uso juu ya saruji.

"Mtoto mwache," akasema. "Ni mimi."

"Urban, inuka. Inuka mdogo wangu, hakuna anayepigwa hapa. Baba amekufa."

"Bado hujaanza, dada."

Odilia akaitupa fimbo uani. Urban akainuka, akaenda akaiokota, akaiweka miguuni pa dada yake, akalala tena. Odilia akamwomba kwa jina la mama yao. Akalala naye sakafuni, akamshika kichwa, akamwimbia nyimbo alizokuwa anamwimbia mgongoni alipokuwa mchanga. Mwili ulikuwa umekaza kama kuni. Agape alisimama kando ya cherehani, kidole mdomoni, halii tena. Biasha alikuja, akasoma alichojua, akamnyunyizia maji, akaondoka anafuta machozi kwa ncha ya kanga. Kliniki ni Jumanne, na siku ile ilikuwa Jumamosi. Saa tatu ikawa saa nne, saa nne ikawa saa sita. Chini ya kijana mkojo ulianza kutambaa, na alikuwa anatetemeka mwili mzima, na kila baada ya muda anasema kwa sauti ndogo, "Anza basi, dada. Anza iishe."

Saa sita na nusu Odilia akaokota fimbo. Asihukumiwe na mtu ambaye hakuwepo. Aliwaza, nikimgusa tu ataona imekwisha, atainuka. Akamgusa mgongoni, kidogo, kama anavyofukuzwa nzi.

"Hiyo haihesabiwi," Urban akasema.

Basi akapiga. Ya kwanza alifumba macho. Ya pili alilia kwa sauti. Ya tatu alimwona baba yake, aliona gauni, aliona kona ya nyumba na kijana wa kaptura fupi. Ya nne alipiga kwa nguvu zake zote, na jambo ambalo halikumwachia raha tena maishani ni kwamba mkono haukusita. Ulikuwa unaijua kazi.

Urban akashusha pumzi ndefu. Akainuka, akapiga magoti. "Asante, dada."

Halafu akaenda kuoga. Akarudi na shati safi, akaomba chakula, yeye ambaye miezi sita alikuwa analishwa kwa kubembelezwa. Akala ugali na maharage, akaongezewa, akamaliza. Akaichukua fimbo, akaipanga vizuri juu ya mlango wa sebule, akaingia chumbani, akalala. Odilia alisimama kizingitini akamsikiliza. Alikuwa anakoroma.

Mwenye gauni alikuja saa nane, akasema aliyoyasema, akaondoka. Odilia hakusikia hata moja.

Saa tisa Tumsifu akarudi kutoka kufundisha tuisheni, vumbi la chaki kwenye mikono ya shati. Akachungulia chumbani kwa Urban, akarudi ananyata, uso umemchanua.

"Amelala! Mama Agape, amelala mchana! Na sahani nimeiona, amekula yote?" Akakaa, akavua viatu. "Namshukuru Mungu. Edna alisema vidonge vinachukua muda, sasa naona vimemkubali. Tusimkatishe, hicho hicho kilichomsaidia leo tuendelee nacho."

Odilia alikuwa ameshika sindano bila uzi. Alitaka kumwambia. Alifungua mdomo, na maneno yakamwishia palepale yalipokuwa yanaishia siku zote.

Agape alikuwa amekaa mkekani, miguu pamoja, mikono mapajani. Tangu mchana hakuwa ameomba maji, hakuomba uji, hakumgusa mwanasesere. Baba yake alipoingia alikuwa ameinuka peke yake, akapiga magoti, akasema shikamoo, akarudi kukaa vilevile.

Tumsifu akamtazama, akacheka kwa mapenzi, akampapasa kichwa. Mtoto akakwepa mkono, akajifunika uso.

"Na huyu naye," Tumsifu akasema, akimgeukia mkewe, "leo ana adabu kweli. Umemfanyaje?"